Kondoo wa Kiingereza

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi katika shule za Ngara na Biharamulo, na katika muda huo nimejaza daftari moja kubwa kwa maneno ambayo wanafunzi waliniuliza maana yake nikashindwa kuwajibu mara moja. Jani moja la daftari hilo lina maneno ya namna moja tu: majina ambayo Waingereza huwapa watu wanaoshawishika upesi, na watu waendao waendako wengi. Jani hilo halikuanzishwa na swali la mwanafunzi. Nalianzisha mwenyewe mwaka 1996, kando ya barabara, kwa sababu nitakayoieleza, na hata sasa sijalimaliza.

Neno la kwanza ni "sheep", yaani kondoo. Mwingereza akimwita mwenziwe hivyo amemtukana: amesema kwamba hana akili yake mwenyewe, na kwamba atamfuata aliyetangulia hata kama aliyetangulia ametumbukia shimoni. Siku hizi wameliunganisha neno hilo na neno lao la watu, wakapata "sheeple", watu-kondoo. Nilipolifundisha darasani kwa mara ya kwanza, kijana mmoja, mtoto wa mfugaji, alisimama akauliza, "Mwalimu, kondoo amekosa nini?" Darasa likacheka, lakini mimi sikucheka, maana niliona kijana ana haki. Katika Kiswahili kondoo si mpumbavu. Twasema fulani ni mpole kama kondoo, tukimsifu. Wazee walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kwa kuwa mbuzi hupiga kelele chini ya kisu na kondoo hunyamaza. Mnyama ni yule yule na kimya ni kile kile. Lugha moja yakiona kuwa ni uungwana na nyingine yakiona kuwa ni ujinga. Nilimjibu yule kijana kwamba kondoo hakukosa kitu, amehamia nchi ya ugenini tu.

Maneno mengine nitayapitia upesi. Liko "gullible", mtu mwepesi wa kudanganyika. Shina lake ni "gull", jina la kale la mtu anayelaghaiwa. Thomas Dekker aliandika kitabu kizima cha kuwadhihaki watu wa namna hiyo katika London ya mwaka 1609. Wako wasemao kwamba asili ya jina hilo ni kinda la ndege, ambalo hufumbua kinywa na kumeza lolote litiwalo. Liko "impressionable", ambalo hunikumbusha nta na muhuri: ukigandamiza muhuri juu ya nta laini, nta hubaki na sura ya muhuri, wala haina sura yake. Liko pia "bandwagon", na hili lilitoka Marekani katika karne ya kumi na tisa. Lilikuwa gari kubwa lililonakshiwa, lililowachukua wapiga muziki wa sarakasi likipita mjini kuita watu. Wanasiasa wakaona faida ya kupanda gari lenye ngoma, na tangu hapo mtu anayejiunga na jambo kwa sababu tu linashinda husemwa kwamba amelirukia gari hilo.

Mtu asidhani kwamba sisi tumepungukiwa na matusi ya namna hii. Tunaye bendera fuata upepo, na tunaye kasuku. Walakini neno letu lililo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mkumbo. Twasema mtu amefuata mkumbo. Kukumba ni kusukuma na kuzoa kwa nguvu, kama maji ya mvua za masika yazoavyo udongo katika vilima vyetu vya Ngara na kuushusha mabondeni pamoja na migomba. Anayelitaja neno hilo, apende asipende, amekiri kwamba iko nguvu inayozoa. Katika "sheep" nguvu hiyo haimo. Kondoo yuko peke yake na ujinga wake.

Nasi pia tuna lawama yetu. Methali zetu zinamfundisha mtoto kufuata wengi kabla hajaota meno ya pili. Wengi wape. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Kifo cha wengi ni harusi. Kisha mtoto huyo akikua na kuwafuata wengi kama alivyofundishwa, twamwita bendera.

Sasa nifike barabarani.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa kama 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti na kuzipeleka mpaka Ziwa Viktoria. Watu wale walikaa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni iliyopiga kambi hapo zamani ikijenga barabara, na kwa majuma kadhaa vilima vyetu vilivyozoea migomba na ng'ombe vilibeba mji uliokuwa mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mimi ni Mhangaza. Kihangaza na Kirundi ni pacha, na Kinyarwanda ni binamu yao wa karibu. Kwa hiyo mwalimu kama mimi, mwenye Kiingereza na Kiswahili juu ya hivyo, alikuwa mali. Shirika moja la misaada, ambalo sitalitaja, liliniajiri kuwa mkalimani, na mshahara wa mwezi mmoja ulikuwa mkubwa kuliko wa ualimu wa nusu mwaka. Sikuuliza mengi.

Wakimbizi hawakuja mmoja mmoja kama majani yapeperushwayo. Walikuja na komini zao, kila komini na mkuu wake, na hapo mwanzo chakula kiligawiwa kwa kufuata orodha za komini hizo hizo. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komini ya Rusumo, iliyo ng'ambo tu ya daraja, alikuwamo Benaco. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, pamoja na yale ya parokia ya Nyarubuye ya Aprili 1994, na mwaka 2006 rufani ikamwongezea kifungo kikawa cha maisha. Mahakama iliona kwamba alipita barabarani ndani ya gari akiwachochea watu kwa kipaza sauti. Alikuwamo pia Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa mkuu wa komini ya Murambi. Mwezi wa Juni 1994, ilipotakiwa aondolewe kambini, maelfu ya watu walikusanyika kumtetea, na wafanyakazi wa misaada wakahofia maisha yao. Yeye naye alihukumiwa Arusha, mwaka 2011. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba umati niliouona mimi ulikuwa na vitabu vya majina, na vitabu hivyo vilikuwa na wenyewe.

Tarehe 5 Desemba 1996 serikali yetu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walitoa tangazo la pamoja kwamba Wanyarwanda wote walitazamiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Juma moja baadaye, tarehe 12, kambi zilianza kutoka. Lakini watu hawakuelekea Rusumo. Walielekea mashariki, ndani zaidi ya nchi yetu, upande wa msitu wa Biharamulo, na walikuwa wameambiwa na viongozi wao kwamba watafika Kenya, au Malawi, au Zambia. Barabara ilijaa toka ukingo mpaka ukingo. Mikeka, magodoro, baiskeli zilizobebeshwa kama punda, kuku waliofungwa miguu, vizee waliobebwa mgongoni. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kimya. Makumi ya maelfu ya watu walitembea, na ulisikia nyayo tu.

Nilikuwa ndani ya gari na mgeni mmoja wa shirika letu, kijana mwema, aliyekuwa hajalala siku mbili. Alitaka kujua watu wanakwenda wapi, apate kuandika katika taarifa yake. Gari likasimama, tukashuka, nikamsimamisha mama mmoja aliyejitwika sufuria kubwa yenye nguo ndani yake, na watoto wanne wamemshika upindo wa kitenge.

Nikamwuliza, "Mama, mwaenda wapi?"

Akasema, "Waendako."

"Kina nani hao?"

"Wale wa mbele."

"Na wale wa mbele waenda wapi?"

Akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto mzito wa kuelewa. "Wale wa mbele wanasukumwa na sisi wa nyuma, mwanangu."

Kisha akaitua sufuria akasema zaidi, na alisema kwa utaratibu, bila machozi. Alisema kwamba jirani yake alitamka mbele ya watu kuwa atarudi kwao, na kulipokucha jirani huyo hakuonekana. Alisema kwamba kiongozi wa mtaa wao kambini ana kitabu, na jina lake limo pamoja na jina la mumewe. Akibaki kambini hali wengine wameondoka, usiku ukiingia wenye kitabu watajua aliyebaki. Akirudi Rwanda, hakujua kama kuna mtu anayemkumbuka kwa wema, maana yako mambo ambayo mumewe aliyafanya na mengine aliyoyaacha kuyazuia. Akienda na wengi, huenda akafa kwa miguu, lakini atakufa polepole, na watoto watapata muda wa kushikwa mkono na mtu mwingine. "Nimehesabu," alisema. "Mwambie mgeni wako kwamba nimehesabu."

Mgeni alikuwa na kalamu mkononi na injini ilikuwa ikinguruma. Nami nilikuwa nimechoka, na vumbi limenijaa kooni. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza maneno machache: kwamba hajui, anawafuata wenzake tu. Akaandika. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, wala si kwa dharau, akasema lile neno: kama kondoo. Yule mama alikuwa ametutazama midomo. Aliona kwamba maneno yake mengi yametoka kinywani mwangu yakiwa machache. Akajitwika sufuria yake, akaenda zake.

Hilo ndilo kosa langu. Hakuna aliyenilazimisha kulitenda, wala hapakuwa na mkumbo wowote baina ya masikio yangu na ulimi wangu.

Siku mbili tatu baadaye askari wetu waliuziba mkondo ule wakaugeuza, na watu wale wale wakarudi magharibi kwa barabara ile ile, wakapita makambi yaliyokuwa matupu, wakaelekea Rusumo. Mwezi ulipokwisha, zaidi ya laki nne walikuwa wamevuka. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba huko ni kulazimishwa. Wengine waliona ni kukombolewa kutoka mikononi mwa wenye vitabu. Mimi niliona jambo dogo zaidi: walipokwenda mashariki waliitwa kondoo, na walipokwenda magharibi, kwa miguu ile ile na kimya kile kile, niliowasikia wakiwaita hivyo walikuwa wamelisahau neno hilo. Waliitwa warejeao makwao.

Usiku mmoja wa mwezi ule niliandika "sheep" juu ya jani jipya la daftari, na chini yake nikaandika ile sentensi yangu ya Kiingereza. Mengine yaliongezwa baadaye, kila nilipoyakuta. Moja nilichelewa kulipata, nalo ni "lemming". Ni jina la mnyama mdogo wa jamii ya panya aishiye nchi za baridi kali, na Waingereza humtaja wakitaka kusema watu wanaokwenda pamoja kwenye maangamizi yao, kwa kuwa inasadikiwa kwamba panya hao hujitosa baharini kwa makundi ili wafe. Wengi wanasadiki hivyo kwa sababu wameona, au wameona wazazi wao walioona, filamu ya kampuni ya Walt Disney ya mwaka 1958 iitwayo White Wilderness, iliyopewa hata tuzo ya Oscar. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waandishi wa televisheni ya Kanada walifichua kwamba sehemu ile ilitengenezwa. Ilipigwa Alberta, ambako panya hao hawaishi. Waliletwa huko, wakazungushwa juu ya kisahani kinachozunguka ili waonekane kundi kubwa lenye mbio, kisha wakasukumwa majini. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Kwa miaka mingi ulimwengu umewacheka panya kwa kujitosa, na kumbe mwenye kuwatosa alisimama nyuma ya kamera.

Hata hivyo sitaki msomaji anichukulie kwamba nawasafisha wote waliotembea barabara ile. Miongoni mwao walikuwamo wauaji, tena si wachache. Baadaye Rwanda ilipofungua mahakama za gacaca, ambazo mpaka zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza karibu kesi milioni mbili, watu wengi walisimama mbele ya majirani zao wakajitetea kwamba waliwafuata wenzao tu. Tazama basi lilivyo neno hili. Yule mama alikataa kuitwa mfuasi, kwa kuwa alikuwa amehesabu, nami nikamwita mfuasi. Mwenye panga alitamani kuitwa mfuasi, ili asiulizwe alichohesabu. Jina lile lile lilimvua huyu akili yake na kumvika yule kanzu nyeupe. Sijapata neno lingine lenye kazi mbili mbaya namna hiyo.

Lakini nilisema jani hili sijalimaliza, na sababu yake ni aibu kubwa kuliko ya kwanza.

Baada ya kambi kuondoka, majambazi wenye silaha waliuharibu msitu wa Biharamulo kwa wasafiri. Magari yalikusanyika mahali pamoja yakisubiri kusindikizwa na polisi, ndipo yapite msituni kwa msafara. Siku moja nilikuwa katika basi lililokuwa likisubiri hivyo. Abiria walishuka kununua ndizi za kuchoma na kunyoosha miguu. Mara sauti ikasema kwamba kuna kijana kando ya barabara anayehesabu magari, na kwamba huyo ni mpelelezi wa majambazi. Sauti nyingine ikasema lafudhi yake si ya hapa. Sikumbuki sauti ya tatu, kwa sababu nadhani ilikuwa yangu. Kijana akaanza kukimbia, na kukimbia kwake kukawa ushahidi. Alikamatwa, akaangushwa, na mimi, mwalimu wa lugha, mwenye daftari lenye majina yote ya kondoo na panya, nilijiona nimesimama katika duara nimeshika jiwe.

Aliyetuzuia alikuwa mama muuza ndizi. Hakupiga kelele wala hakumkumbatia kijana. Alisogea mpaka katikati, kisu chake cha kumenyea ndizi kikiwa mkononi bado, akauliza, "Kuna aliyemwona akiiba? Aseme, nami nimsikie." Hapakuwa na jibu. Mtu mmoja alitazama chini, kisha wa pili, na duara likaanza kupata mapengo. Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Solomon Asch, mtaalamu wa Marekani, aliyewaonyesha watu mistari ya urefu mbalimbali katika majaribio yake ya miaka ya 1950. Waliokaa pamoja na kundi lililopangwa kusema uongo, wengi wao walikubali uongo huo angalau mara moja, ijapokuwa macho yao yaliona ukweli. Lakini akiwapo mtu mmoja tu katika kundi aliyesema kweli, kukubali kwao kulipungua mno. Sikuhitaji Marekani kunisadikisha. Nilikuwa nimemwona huyo mmoja, naye alinuka moshi wa mkaa.

Kijana alikwenda zake akichechemea. Polisi walikuja, msafara ukaondoka. Tulikwisha ingia msituni nilipogundua kwamba lile jiwe lilikuwa mkononi mwangu bado. Jirani yangu kitini, mzee wa Kisubi, aliliona akanyamaza, na mimi nililishika mpaka tulipofika, kwa sababu kulitupa dirishani mbele yake kuliniwia vigumu zaidi kuliko kulishika.

Jioni ile nililifungua daftari nikatafuta neno la kujiita. Nilijaribu moja baada ya jingine. "Gullible" halikunifaa, kwa maana sikudanganywa. Sikusadiki sana hata kwamba kijana yule ni mwizi. Mimi sikuwa nta, wala sikurukia gari lenye ngoma. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa nimehesabu kama yule mama, ila yeye alihesabu uhai wa watoto wanne, na mimi nilihesabu tu kwamba nikisimama nje ya duara nitatazamwa. Niliacha mstari mtupu chini ya jani, na mtupu ungalipo.

Mwaka jana, hali nimekwisha staafu, nilitwaa wino nikaikata ile sentensi yangu fupi ya mwaka 1996. Pembeni yake, kwa herufi ndogo, niliandika kwa Kiingereza yote aliyoyasema mama yule, kwa utaratibu alioutumia yeye: jirani, kitabu, mume, miguu, watoto, na ile hesabu yake. Yamechukua mistari kumi na saba na kupindia nyuma ya jani. Jina lake sikuliuliza siku ile. Juu ya mistari hiyo nimeandika tu: mama mwenye sufuria, barabara ya Benaco, Desemba 1996.